Gharama ya Kuvuka

Masomo: Yoshua 3:7–17, Luka 14:28–30, Matendo ya Mitume 8:26–40

 

Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, washirika wote mmealikwa kubaki kwa mkutano. Ajenda namba tatu mnaijua, maana imezungumzwa kwenye vikundi vya nyumbani mpaka kwenye foleni ya chai: tufanye nini na tawi letu la ng'ambo ya Mto Kuja, kule Nyatike? Pendekezo lililo mezani ni kwamba tulifunge, na wale ndugu waelekezwe kwa kanisa lolote lililo karibu nao. Mchungaji wetu mkuu ameniomba nilete Neno kabla ya siku hiyo, akaniambia niseme wazi nimesimama wapi. Nitasema.

Kwanza, pendekezo hili halikuletwa na watu wabaya. Limetoka kwa kamati ya fedha, na karatasi ya hesabu mliyogawiwa ni mimi niliyeipanga. Digrii yangu ni ya biashara. Kazi hiyo huwa inaniangukia. Hesabu ni sahihi, nimeirudia mara tatu. Tawi lina watu wazima 23. Sadaka yao ya mwezi haifiki nusu ya nauli tunayotumia kumtuma mhubiri mara mbili kwa mwezi huo. Mwenye biashara akiwa na duka kama hilo, analifunga Ijumaa jioni na Jumatatu amelisahau.

Kuna ndugu ameniambia, "Pastor, hata Yesu alifundisha kupiga hesabu." Ni kweli kabisa. Luka 14, mtu anayetaka kujenga mnara anakaa chini kwanza na kuhesabu. Lakini hebu soma polepole. Anahesabu kwa nini? Ili aweze kumaliza. Aibu katika mfano ule haimpati mtu aliyejenga kwa gharama kubwa. Inampata aliyeweka msingi halafu akaondoka, watu wakawa wanapita wakicheka. Sisi kule Nyatike msingi tulishauweka. Tumebatiza watu katika mto ule ule tunaosema leo kwamba ni ghali kuuvuka.

Sasa wacha niwapeleke huko kwa siku moja, kwa sababu wengi mtakaopiga kura hamjawahi kufika.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, masika bado haijaisha. Tulitoka hapa Homa Bay saa kumi na moja alfajiri tukiwa watatu: mimi, shemasi mmoja, na kijana wa kwaya aliyebeba sanduku la Meza ya Bwana. Njia ya madaraja ipo. Unazunguka kwa lami kupitia Rongo na Awendo hadi Migori mjini, kisha unashuka Macalder. Lakini kwa watu watatu nauli hiyo ingemaliza bajeti ya mwezi, kwa hivyo tulishika njia ambayo mhubiri wetu huishika siku zote: matatu hadi Rodi Kopany, nyingine hadi Ndhiwa, halafu ile barabara ya kwenda Sori, halafu miguu.

Mbele ya Ndhiwa tulipata lifti kwenye trela tupu la trekta lililokuwa likirudi shambani kuchukua miwa. Mwenye trekta hakutuuliza sisi ni wa dini gani. Aliuliza tu kama tunaweza kushikilia, maana trela la miwa halina viti, lina vyuma. Tukashikilia. Alitushusha kwenye njia panda, akakataa hata soda, tukaanza kutembea kuelekea kusini.

Wale mnaojua udongo mweusi wa upande huo mnajua ukinyeshewa unashika kiatu kama unakidai deni. Mwendo ambao kiangazi ni wa saa mbili, sisi tulitembea karibu tatu. Tulivuka vijito viwili. Cha kwanza kwa kuruka, cha pili kwa kukunja suruali. Saa tano hivi tukafika Kuja.

Sikilizeni jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nisimame hapa. Mbingu ilikuwa safi, jua linawaka, na pale tulipokuwa hakukuwa na dalili ya mvua ya usiku. Lakini mto ulikuwa umejaa. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, na ulikuwa unabeba vigogo vya migomba, kimoja baada ya kingine. Ile haikuwa migomba ya Nyatike. Ilikuwa migomba ya Kisii.

Mto huu ndugu zetu Wakisii wanauita Gucha. Unaanzia kwao juu milimani, unateremka kupitia Migori, unapokea Mto Migori, halafu unamwaga ziwani. Kwa hivyo mtu analala Kisii akisikia mvua nzuri juu ya bati, anamshukuru Mungu kwa chai yake na migomba yake, na siku inayofuata mama mmoja wa Nyatike anahamisha kuku. Hao watu hawahitaji kuhubiriwa kuhusu mafuriko. Mwaka 2024, mwezi wa nne na wa tano, nchi nzima ilipokuwa ikilia maji, wao nao walihama nyumba zao, na haikuwa mara yao ya kwanza.

Sasa tazama Yoshua 3. Biblia inatuambia Yordani ulikuwa umefurika hadi kingo zake wakati wa mavuno. Makuhani waliobeba sanduku la agano walipokanyaga ukingo wa maji, maji yalisimama. Yalisimama wapi? Mara nyingi tunahubiri kana kwamba yalisimama mbele ya pua zao. Hapana. Maandiko yanasema yalisimama mbali sana, huko juu, kwenye mji uitwao Adamu. Nyayo zililowa hapa, jibu likatokea kule. Israeli hawakuona kilichofanyika Adamu. Waliona tu maji yakipungua mbele yao.

Wapendwa, kwa watu wa tawi lile, Adamu ni hapa. Sisi ndio tuko juu ya mto. Jumapili ijayo tutakaa kwenye viti, chini ya feni, tukiwa wakavu, tuinue mikono. Kitakachoamuliwa kitateremka. Kitawafikia wao siku chache baadaye, jua likiwaka, nao hawatajua mvua ilinyesha wapi.

Amina ni chache hapo. Sawa, tuendelee.

Ng'ambo ya pili alikuwa amesimama mama mmoja mshirika wetu, mjane, umri wake kama miaka 60. Alikuwa pale tangu asubuhi. Alikuwa amechomeka kijiti kwenye matope, pale maji yanapoishia. Shemasi wetu alipoanza kuvua viatu, mama alipaza sauti kwa Kijaluo kwamba hakuna anayeingia. Alionyesha kijiti. Maji yalikuwa yamekipita kwa kiganja kizima, maana yake mto bado unapanda. Tukakaa chini ya mti. Baada ya saa moja alisema haupandi tena. Baada ya saa nyingine kijiti kilikuwa kimesimama kwenye matope, maji yamerudi nyuma. Hapo ndipo alipowaita vijana.

Nataka niseme neno hapa kwa sababu sisi Wapentekoste tuna ugonjwa fulani. Mtu anaona maji, anakemea, anaingia. Tarehe 4 Desemba 2021, kule Mwingi, basi lililobeba wanakwaya na watu wengine waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye Mto Enziu uliokuwa umefurika juu ya barabara. Zaidi ya watu 30 walikufa. Walikuwa watu wa Mungu, na walikuwa wakielekea jambo jema. Mtu asiniambie walikosa imani. Maji yaliyojaa ni maji yaliyojaa, na Mungu aliyemfundisha yule mama kuchomeka kijiti ndiye Mungu tunayemwomba atuvushe. Kama kijiti kingeendelea kumezwa, tungeimba kutoka upande wetu, wao waimbe kutoka upande wao, tuombeane kwa kupaza sauti, turudi nyumbani. Paulo akiorodhesha hatari za safari zake katika Wakorintho wa Pili 11, mito inatangulia wanyang'anyi. Alikuwa ametembea, alijua anachosema.

Vijana waliokuja walikuwa wanne. Wawili walisimama upande wa juu wa mkondo na fimbo ndefu, kuvunja nguvu ya maji. Wawili wakatushika. Hawakushi viganja, walitushika kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu viganja vilivyolowa huteleza. Walituambia tulegeze mikanda ya mifuko ili mfuko ukivutwa uende peke yake, usiende na mwenyewe. Na tusiangalie maji. Ukiangalia maji yanayokimbia, kichwa kinazunguka, unaanguka hata kama yako magotini. "Angalia ule mti, Pastor." Niliangalia ule mti mpaka leo naweza kuuchora. Maji yalifika mapajani. Sanduku la Meza ya Bwana lilivuka juu ya kichwa cha kijana ambaye bado hajaokoka, lakini alilibeba kwa heshima kuliko sisi tunavyolibeba humu ndani.

Rudi kwa Yoshua, mstari wa 17. Makuhani hawakuvuka kwanza wakawapungia wengine mikono kutoka ng'ambo. Walisimama katikati ya Yordani mpaka taifa lote likapita. Wale waliobeba kitu kizito ndio waliokaa mtoni muda mrefu zaidi. Nilipokuwa nimefika ukingoni nikikamua suruali, niligeuka nikawaona wale vijana wawili wa fimbo wakiwa bado wamesimama kwenye maji, wakimsubiri shemasi wetu, ambaye, Bwana amlinde, haharakishwi na jambo lolote. Hawakuandika muda wao popote. Kwenye karatasi yangu kuna safu ya nauli, safu ya chakula, safu ya sadaka. Mchango wa wale vijana unaingia safu gani?

Ibada ilifanyika kwenye kanisa la udongo na mabati ambalo wamelijenga wenyewe. Tulishiriki Meza ya Bwana. Hawakuwa wameipata tangu mvua ianze. Mzee mmoja alilia akipokea kikombe, akasema alidhani tumewasahau. Sadaka ilipokusanywa, kwenye kikapu kulikuwa na sarafu, mayai kumi na mawili, na njugu karanga debe moja. Nilipofika nyumbani niliandika kwenye kitabu zile sarafu tu, kwa sababu ndivyo kitabu chetu kilivyo. Njugu tulikula na familia za wahudumu. Ukiuza debe la njugu sokoni hapa Homa Bay, mama wa sokoni mnajua bei. Fanyeni hesabu nyinyi wenyewe. Naileta mbele ya kamati ya fedha kama hoja rasmi: tuongeze safu.

Na mkisema mto ule ni ghali, kumbukeni kuna waliouona ni rahisi. Katika miaka ya 1950 wakoloni walijenga kituo cha umeme kwenye maporomoko ya Gogo, katika mto huu huu, ili migodi ya Macalder ipate nguvu ya kuchimba. Kwa ajili ya dhahabu na shaba, gharama ililipwa. Na upande wetu huu, mwaka 1906 ndugu zetu Waadventista walivuka ghuba kutoka Kisumu wakaanza kazi Gendia, karibu na Kendu Bay. Miongoni mwao walikuwa Mkanada, Arthur Carscallen, na Mwafrika mwenzetu, Peter Nyambo, aliyetoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Hatukubaliani nao katika kila jambo, na wao wanajua. Lakini karatasi yao ya mwaka wa kwanza isingepita kwenye kamati yetu.

Tulivuka kurudi saa kumi, maji yakiwa yamepungua zaidi. Mama yule alituvusha kwa macho mpaka mtu wa mwisho. Jua lilizama tukiwa bado hatujafika barabarani, na nikwambie ukweli, kilomita za mwisho hakuna aliyekuwa anaimba. Kijana wa kwaya alikuwa anatembea na kiatu kimoja. Kingine kilibaki kwenye udongo. Barabarani hakukuwa na matatu. Tulipunga mkono. Gari la kwanza likapita. La pili likapita, lina stika ya Yesu kwenye kioo cha nyuma, wala silihukumu. Usiku, watu watatu wenye matope, hata mimi ningefikiria. La tatu likasimama. Pikapu ya omena kutoka Sori.

Hapa fungua Matendo 8. Huwa tunamhubiri towashi Mwethiopia kama mtu aliyehitaji Neno, na ni kweli. Lakini mtazame Filipo kwa macho ya mtu aliye barabarani. Ametumwa kwenye njia ya jangwa iendayo Gaza. Hana usafiri. Anaona gari, na Roho anamwambia alisogelee. Anakimbia. Anakimbia pembeni mwa gari la mkubwa! Halafu mwenye gari anamsihi apande akae naye. Wapendwa, hiyo ni lifti. Na aliyempa lifti ni mtu wa hazina yote ya malkia wa Ethiopia, mhasibu mwenzangu, mtu anayejua kila senti inakokwenda. Ana gari, ana mali, ana kitabu mkononi, na ndani ana swali ambalo hakuna mtu Yerusalemu aliyelijibu. Mwenye kutembea kwa miguu ndiye aliyekuwa na alichohitaji mwenye gari. Kama Filipo angesema njia ya jangwa haina washirika wa kutosha, wangekutana wapi? (Kurudi kwake Filipo alinyakuliwa na Roho akaonekana Azoto. Hiyo lifti ya pili sisi tuliiomba sana usiku ule.)

Dereva wa omena alituweka nyuma na magunia, lakini mimi akaniita mbele alipojua ni pastor. Alinyamaza kwa muda. Halafu akaniuliza, "Pastor, nyinyi mkimaliza kuzika huwa mnaenda wapi?"

Nikamwuliza ana maana gani. Akanieleza. Mke wake alifariki miaka mitatu iliyopita. Kanisa fulani, siyo letu, na hata lingekuwa letu swali ni lile lile, lilikuja kwa nguvu zote: hema, vyombo vya muziki, wahubiri wanne, kwaya mbili. Walikula, walihubiri, walizika. Jumatatu walikuwa wameondoka. Hakuna aliyerudi kuuliza watoto wanakula nini, au kama yeye analala. Akasema, "Nilingoja mwezi wa kwanza. Nikangoja wa pili. Halafu nikaacha kwenda kanisani, na hakuna aliyekuja kuuliza kwa nini." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa bei ya mafuta.

Sikumpa mstari wa Biblia. Nilimwuliza majina ya watoto wake. Wako watatu. Tuliwaombea tukiwa pale pale kwenye gari linaloenda, yeye macho barabarani, sisi tumefumba, na harufu ya omena imetujaa mpaka kwenye nywele. Tulipofika Ndhiwa akapitiliza, akasema atatufikisha hapa mjini ingawa safari yake ilikuwa ya Rodi Kopany. Nikatoa pesa. Akausukuma mkono wangu. Akauliza, "Huko ng'ambo mnarudi lini?"

Swali la mtu huyo, na swali la mzee aliyelia kwenye kikombe, yako kwenye ajenda namba tatu, hata kama katibu hakuyachapa hivyo. Mimi nitapiga kura tawi libaki. Nitapendekeza pia bajeti ya nauli itoke kwenye fungu la viti vipya, maana viti tulivyo navyo vinatosha kukalia. Nimezungumza na mchungaji mkuu. Hakuahidi chochote, alicheka.

Lakini sitaki kura yako kwa sababu nimehubiri vizuri. Jumamosi hii, siku moja kabla ya mkutano, ni zamu ya kwenda ng'ambo, na ninatafuta watu sita, hasa wale walio tayari kupiga kura ya kufunga. Tunaondoka steji hapa mjini saa kumi na moja alfajiri, hatumngoji mtu. Vaa viatu unavyokubali vilowe, vyenye kamba. Beba maji yako ya kunywa na nguo ya kubadilisha kwenye mfuko wa plastiki. Mama yule nimeshampigia simu, na atakuwa na kijiti chake mtoni tangu asubuhi. Akisema hatuvuki, hatuvuki. Nauli ni ya kwenda tu. Ya kurudi, ndugu wa omena anasema hupita ile njia panda saa moja na nusu jioni, na nyuma kuna nafasi kama mtakubali kukaa juu ya magunia. Anakuja na kijana wake mkubwa. Mpe jina lako shemasi kabla ya Alhamisi.